Mmoja alibaki, mwingine akavuka mpaka: mapenzi ya Mungu nchini Uganda, Februari 1977

Jumatano tarehe 16 Februari 1977, kwenye viwanja vya Nile Mansions mjini Kampala, maaskofu wa Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana, walisimamishwa juani kwa saa kadhaa mbele ya umati wa wanajeshi na rundo la silaha. Miongoni mwao alikuwa Askofu Mkuu Janani Luwum, na karibu naye alisimama Festo Kivengere, askofu wa Kigezi. Jioni hiyo Luwum alikuwa mikononi mwa watu wa Idi Amin, na maaskofu wenzake hawakumwona tena akiwa hai. Siku nne baadaye, Jumapili alfajiri, Kivengere na mkewe Mera waliingia Rwanda kwa miguu, baada ya kupanda milima ya mpakani usiku kucha.

Watu hawa wawili walikuwa wa kanisa moja. Waliokoka katika uamsho mmoja, walisoma Biblia ile ile, na wiki ile ile walikuwa pamoja katika maombi na katika hatari. Luwum alishauriwa akimbie, akakataa. Kivengere alishauriwa akimbie, akakubali. Ukiuliza nani kati yao aliyaona mapenzi ya Mungu, wengi watajibu haraka: Luwum, kwa sababu alikufa shahidi. Wengine watasema kwa sauti ya chini kwamba ni Kivengere, kwa sababu aliokoa maisha na kuendelea kuhubiri kwa miaka mingine 11. Mimi nadhani majibu yote mawili yana kosa moja: yanatazama mwisho wa jambo, kisha yanarudi nyuma kutoa hukumu. Wale watu hawakuwa na mwisho mbele yao. Walikuwa na usiku, mlango unaogongwa na dhamiri zao.

Hali ilivyokuwa

Amin alichukua madaraka tarehe 25 Januari 1971, na ukweli usemwe, Wakristo wengi walishangilia siku zile. Furaha haikudumu. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa akiwa mahakamani na hakurudi. Mwaka huo huo Waasia walifukuzwa nchini. Katika jeshi, Waacholi na Walango walikuwa wakiuawa tangu mwanzo kwa kudhaniwa ni watu wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Luwum alikuwa Mwacholi, mzaliwa wa Mucwini huko Kitgum mwaka 1922. Alipofanywa askofu mkuu mwaka 1974, jimbo lake lilibeba Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, na kabila lake pekee lilitosha kumfanya ashukiwe.

Kitu cha pili cha kuelewa ni uamsho. Ulianzia pande za Rwanda na Uganda kwenye miaka ya 1930, ukavuka hadi Kenya na Tanganyika, na waliookoka Uganda wakaitwa Balokole. Luwum aliokoka mwaka 1948 akiwa mwalimu, na Kivengere aliokoka mwaka 1941. Desturi ya ndugu hao ilikuwa kukutana mara kwa mara, kuungama dhambi zao kwa majina yake mbele ya wenzao, kurudisha walichoiba, kuomba radhi kwa waliyemkosea, na kuambiana ukweli bila kuzunguka. Hayo waliyaita kutembea nuruni. Kivengere mwenyewe, alipookoka, aliendesha baiskeli safari ndefu kwenda kumwomba radhi mmisionari Mwingereza aliyekuwa akimchukia. Baadaye alifundisha Dodoma kwa miaka mingi, na mwaka 1960 alikuwa mkalimani wa Billy Graham alipohubiri Tanganyika. Kwa hiyo Kiswahili chake wazee wa kwetu walikisikia kwa masikio yao.

Ninakaa kwenye habari hii ya uamsho kwa makusudi. Mtu anayesubiri siku ya taabu ndipo aanze kujifunza kusikia sauti ya Mungu anajifunza wakati mgumu kuliko wote. Hawa wawili walikuwa wamejizoeza kwa karibu miaka 30 kuitii dhamiri katika mambo madogo.

Usiku wa tarehe 5

Saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 5 Februari, mbwa walibweka nyumbani kwa askofu mkuu pale kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Uzio ulikuwa umevunjwa. Luwum aliposogea mlangoni alimwona mtu anayemfahamu, ana jeraha usoni, anaomba afunguliwe. Akafungua kwa kudhani kuna mtu anahitaji msaada. Wanajeshi waliokuwa wamejificha wakaingia wakidai silaha. Mmoja alimkandamizia mdomo wa bunduki tumboni, wengine wakapekua chumba kwa chumba, chini ya vitanda, ndani ya magunia ya chakula ghalani, hata kanisani chini ya meza ya Bwana. Hawakupata kitu.

Walipomaliza walitaka wafunguliwe geti watoke. Mary, mke wa Luwum, aliona wapite pale pale walipoingilia, kwenye tundu la uzio. Luwum akakataa. Alisema wao ni Wakristo, mioyo yao ni safi, na kama ushuhuda kwa wale watu watawafungulia geti. Akawafungulia.

Sijui sehemu nyingine ya kisa hiki inayonifundisha zaidi. Saa tisa za usiku, nyumba imepinduliwa, bunduki imetoka tumboni mwake muda mfupi uliopita, na hakuna nafasi ya kufunga siku tatu wala kuitisha mkesha. Anachofanya kinatoka katika kile alichokuwa tayari. Kuna watu watasema kufungua geti si kupambanua mapenzi ya Mungu, ni adabu tu. Nakataa. Warumi 12:2 inasema kujua hakika mapenzi ya Mungu ni tunda la nia iliyofanywa upya, na nia ya mtu huonekana anapojibu kabla hajapata muda wa kujipanga. Nami simlaumu Mary hata kidogo. Hasira yake ilikuwa ya haki, na yeye ndiye aliyekuja kubeba ujane.

Usiku huo huo nyumba ya Yona Okoth, askofu wa Bukedi, nayo ilipekuliwa.

Barua

Maaskofu walikutana Namirembe siku chache baadaye na kuandika barua kwa rais, yenye tarehe 10 Februari. Walisema wazi kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa askofu mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo. Walitaja mauaji, kukamatwa ovyo, na jinsi walinzi wa usalama walivyogeuka kuwa tisho kwa raia. Waliomba kuonana na rais ana kwa ana.

Hapa uamuzi ulifanywa kwa pamoja. Hakuna askofu aliyesimama akasema Mungu amesema naye peke yake na wengine wafuate. Waliketi, wakaomba, wakaandika na kutia saini. Mfano wake ni Matendo 15, ambapo mitume wanathubutu kuandika kwamba imempendeza Roho Mtakatifu na wao pia. Ninaona ajabu jinsi tunavyosoma sura hiyo kila mwaka, kisha mambo makubwa ya maisha yetu tunayapeleka chumbani kwa mtu mmoja anayejiita nabii, atuambie kama tuhame, tuoe au tuache kazi.

Barua ikishatoka, baadhi ya njia zinafungwa. Mtu aliyeomba kuonana na mfalme ana kwa ana hawezi kuondoka kimya kabla mfalme hajamwita. Nadhani kuanzia tarehe 10 Luwum alikuwa na nafasi ndogo sana ya kukimbia kwa dhamiri safi, na alilijua hilo. Tarehe 14 aliitwa Entebbe yeye na Mary, akakutana na Amin uso kwa uso, akatuhumiwa kupanga mapinduzi na Obote. Akakana.

Tarehe 16

Siku hiyo viongozi wote wa dini waliitwa Kampala, Kardinali Emmanuel Nsubuga wa Wakatoliki akiwemo. Silaha zilipangwa mbele ya watu na maelezo ya tuhuma yakasomwa. Jina la Luwum lilipotajwa alitikisa kichwa kukana. Makamu wa rais, Mustafa Adrisi, aliwauliza wanajeshi wafanywe nini watu hawa, nao wakapiga kelele wauawe. Luwum alimnong'oneza Kivengere: "Wataniua, lakini siogopi."

Baadaye viongozi wa dini waliambiwa waende nyumbani. Luwum peke yake akaambiwa abaki, rais anataka kuzungumza naye. Akawageukia wenzake akitabasamu, akasema anauona mkono wa Bwana katika jambo hili. Kivengere na Askofu Silvanus Wani walimsubiri nje kwenye gari hadi walipofukuzwa.

Kesho yake Redio Uganda ilitangaza kwamba askofu mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa kwa ajali ya gari. Mwili ulipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa wanajeshi, na waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi.

Nirudi kwenye maneno yake ya mwisho kwa maaskofu. Hakusema anajua Mungu atamwokoa. Hakusema pia kwamba Mungu ametaka auawe, na ni muhimu tusimtwishe maneno hayo. Mauaji yake yalikuwa dhambi ya waliomuua, na Mungu hakuwa mshirika wao. Alichosema ni kwamba mkono wa Bwana upo ndani ya jambo hili baya, kwa hiyo anaweza kuingia chumba kile bila kuachwa peke yake. Wengi wetu tunapotafuta mapenzi ya Mungu wakati wa shida, kwa kweli tunatafuta hakikisho kwamba hatutaumia. Luwum hakupewa hilo, na bado alikuwa na mwanga wa kutosha kupiga hatua inayofuata.

Kwa nini alibaki? Baada ya uvamizi wa tarehe 5 watu walimsihi aondoke, naye akajibu kama mchungaji anayefikiria kondoo watakaobaki. Yohana 10 ilikuwa mbele yake, pale mtu wa mshahara anapomwona mbwa mwitu akakimbia. Lakini mimi nadhani kulikuwa na jambo la pili, la nafasi yake. Alituhumiwa kula njama. Angekimbia, tuhuma ingeonekana ya kweli, na kila Mkristo wa Acholi na Lango angebebeshwa mzigo huo. Askofu mkuu hawezi kutoweka kama mtu binafsi. Kwa mahali alipowekwa, kubaki ndiko kulikokuwa kusema kweli.

Alikwishalaumiwa na baadhi ya watu kwamba yuko karibu mno na serikali, anahudhuria shughuli zake. Yeye alijitetea kwamba nafasi hiyo aliitumia kumwambia rais ukweli na kuwaombea waliokamatwa, na kwamba dhamiri yake haimshitaki. Kwa hiyo hata wakati wa uhai wake utii wake haukueleweka na watu wote. Anayetafuta mapenzi ya Mungu akitarajia kila ndugu atampigia makofi, asome habari hizi tena.

Usiku wa milimani

Kivengere alirudi Kabale, mji wa jimbo lake la Kigezi. Naye hakuwa mtu wa kukwepa. Februari 1973, serikali ilipoamuru watu wauawe hadharani, alikwenda kwa Amin mwenyewe kumsihi asifanye hivyo. Hakusikilizwa. Wanaume watatu wa jimbo lake walipigwa risasi katika uwanja wa Kabale siku ya tarehe 10, nao waliruhusiwa kuonana na askofu wao kabla ya kufa. Alikuwa akijiuliza atawaambia nini. Alipowakaribia kwa nyuma wakageuka na nyuso zinazong'aa kwa furaha, na kabla hajafungua kinywa mmoja akaanza kumshukuru, kwa kuwa alikuwa amempokea Kristo akiwa gerezani. Wakawapungia watu mikono iliyofungwa pingu. Mtu aliyesimama mahali hapo, na ambaye mwishoni mwa Januari 1977 alihubiri juu ya thamani ya uhai wa binadamu mbele ya wakubwa wa serikali, huwezi kumwita mwoga.

Jumamosi tarehe 19 alipata habari kwamba askari wamekuwa wakimtafuta nyumbani kwake. Ndugu wakamsihi aondoke. Walimwambia kwamba askofu mmoja aliyekufa wiki hii anatosha. Naye na Mera wakasafiri kwa gari mpaka lilipofika mwisho wa njia, kisha wakapanda kwa miguu gizani kwa msaada wa waumini wenyeji waliojua mapito.

Sasa tazama alivyoamua. Neno lilitoka vinywani mwa ndugu, wale wale wa ushirika, watu ambao kwa miaka mingi walikuwa na ruhusa ya kumwambia ukweli hata unaouma. Wao ndio kundi. Katika kesi ya Luwum, kundi lilimhitaji mchungaji asimame mbele ya mshitaki. Katika kesi ya Kivengere, kundi lenyewe lilimwomba asife. Kama mchungaji anabaki kwa ajili ya kondoo, na kondoo wanamwambia ondoka, kubaki kunaweza kugeuka kuwa kiburi kilichovaa kanzu ya ushahidi.

Maandiko nayo yalimruhusu. Mathayo 10:23 Bwana anawaambia wanafunzi wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine. Paulo alishushwa kwa kapu ukutani Dameski. Paulo huyo huyo, miaka mingi baadaye, alikataa kuzuiwa asiende Yerusalemu ingawa Agabo alimtabiria pingu, na ndugu waliokuwa wakilia wakaishia kusema mapenzi ya Bwana yatendeke. Ukichukua Matendo 9 peke yake utaandika kanuni kwamba Mkristo hukimbia. Ukichukua Matendo 21 peke yake utaandika kanuni kwamba Mkristo hakimbii.

Swali hili kanisa la Afrika lililijua tangu zamani. Kipriani, askofu wa Karthago, alijificha wakati wa mateso ya Kaisari Decius mwaka 250, akaliongoza kanisa lake kwa barua, na watu wakamsema. Mwaka 258 mateso yaliporudi alibaki, akakatwa kichwa. Mtu mmoja, majibu mawili, na kanisa linamheshimu kwa yote. Agostino naye, askofu wa Hippo, jeshi la Wavandali lilipokuwa likija, aliulizwa na askofu mwenzake Honorato kama ni halali kukimbia. Alijibu kwa ufupi hivi: ikiwa hatari ni ya wote, mchungaji asiwaache waliobaki bila huduma. Ikiwa anayetafutwa ni yeye mmoja hasa, na wapo wengine wa kuwahudumia watu, anaweza kuondoka kama Paulo. Agostino mwenyewe alifia Hippo mwaka 430, mji ukiwa umezingirwa.

Kwa kipimo cha Agostino, Kivengere alikuwa na ruhusa kamili. Cha kushangaza ni kwamba Luwum naye alikuwa nayo, kwani alitafutwa yeye hasa. Ndipo unapoona kikomo cha kanuni. Kanuni inakuonyesha nini ni halali na nini ni dhambi, na kazi hiyo ni kubwa, tusiidharau. Lakini kati ya mambo mawili halali haikuchagulii. Hapo unahitaji kujua umewekwa wapi, umeahidi nini, nani anakutegemea, na ndugu wanaokufahamu wanasema nini.

Petro aliwahi kumuuliza Bwana swali la namna hii katika Yohana 21. Ametoka kuambiwa kifo atakachokufa, akageuka akamwona Yohana, akauliza: na huyu je? Bwana hakumweleza. Alimwambia hilo halikuhusu, wewe unifuate mimi. Ninaamini sehemu kubwa ya mahangaiko yetu tunapotafuta mapenzi ya Mungu ni hili la "na huyu je". Mwenzangu alipona, mimi mbona siponi? Mwenzangu aliacha kazi kwa imani akafanikiwa, basi nami niache? Njia ya jirani yako haiwezi kuwa neno la Mungu kwako, hata kama ushuhuda wake ni wa kweli kabisa.

Matokeo hayakutoa hukumu

Kama matokeo ndiyo kipimo, kisa hiki kinatuvunja moyo. Kifo cha Luwum hakikuwakinga kondoo. Baada yake mauaji ya Waacholi na Walango yaliendelea kwa ukali, na Mary na watoto walilazimika kukimbilia Kenya. Upande mwingine, Jumapili ile ile Kivengere alipovuka mpaka, maelfu ya watu walijaa Namirembe ingawa serikali haikutaka ibada ya ukumbusho. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya lile la Askofu James Hannington aliyeuawa mwaka 1885, nalo lilikuwa tupu kwa sababu mwili ulizuiwa. Askofu mkuu mstaafu Erica Sabiti akawatangazia watu habari ya kaburi tupu la Pasaka. Hofu ikawatoka watu wakaimba.

Kwa hiyo utahesabu nini? Waliouawa au waliotiwa nguvu? Mimi nimeacha kuhesabu. Utii wa Luwum ulikuwa utii pale alipokuwa akitabasamu mlangoni, kabla matokeo yoyote hayajaonekana. Mama aliyeuguza mtoto, akafunga na kuomba, na bado mtoto akafa, anahitaji kulisikia jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Kufa kwa mtoto si ushahidi kwamba alikosea kusikia, na anayemwambia hivyo anamtesa mara ya pili.

Uchungu uliovuka naye mpaka

Kuna sehemu inayosahaulika. Kivengere alifika salama, akapata nafasi ya kuueleza ulimwengu aliyoyaona kwa macho yake, na moyoni akaanza kuoza kwa uchungu dhidi ya Amin. Alipaswa kuhubiri upendo akiwa amejaa chuki. Aprili, siku ya Ijumaa Kuu, akiwa ameketi katika kanisa la All Souls jijini London, alisikia maneno ya Yesu msalabani kuwaombea msamaha waliomsulubisha. Akajiona kwamba asiposamehe, yeye ndiye aliye gizani. Akaomba neema, akasamehe. Mwaka huo huo akatoa kitabu kidogo alichokipa jina la kusema anampenda Idi Amin, na Waganda wengi uhamishoni walishindwa kukielewa.

Kwangu mimi hapa ndipo penye mafundisho makali. Kivengere alifanya uamuzi sahihi wa kukimbia, na bado alikuwa hayumo katika mapenzi ya Mungu kwa habari ya moyo wake. Tunashughulika mno na swali la niende au nibaki, kana kwamba Mungu anajali miguu tu. Unaweza kuhama mji kwa uongozi wa Roho ukiwa umebeba sumu. Unaweza pia kubaki katika ndoa ngumu au kazi ngumu kwa utii, na kila siku ukamwaga uchungu juu ya watoto. Sehemu kubwa ya mapenzi ya Mungu haikufichwa: samehe, sema kweli, usilipe baya kwa baya. Hiyo haihitaji ndoto. Na nimeona kwamba mtu anayekataa sehemu iliyo wazi mara nyingi ndiye anayehangaika zaidi kutafuta sehemu iliyofichwa.

Sisemi Mungu hasemi kwa ndoto au unabii. Maandiko yamejaa hayo, na mimi ni mtu wa makanisa yanayoamini hayo. Ila kisa hiki kinaonyesha maamuzi mazito kabisa yaliyofanywa kwa Neno, dhamiri iliyosafishwa kwa toba ya kila siku, wajibu wa nafasi, na ushirika wa watu wasiokuogopa. Unapopewa unabii, uweke kati ya hayo manne uone kama unakaa. Unabii unaokukataza kuuliza ndugu wengine umejihukumu wenyewe.

Aliyebaki akaishi

Yupo mtu wa tatu ambaye hatajwi sana. Silvanus Wani, yule aliyesubiri kwenye gari na Kivengere, ndiye aliyechaguliwa askofu mkuu baada ya Luwum. Alikuwa Mkakwa, kabila moja na Amin. Hakuuawa na hakukimbia. Alipewa kanisa lenye majeraha, ambalo baadhi ya maaskofu wake walikuwa wamekwenda uhamishoni, chini ya mtawala aliyemuua mtangulizi wake. Mwaka huo kanisa lilikuwa likitimiza miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wafike mwaka 1877, na sherehe zilifanyika. Septemba serikali ikapiga marufuku vikundi vya dini 27, na Kanisa la Uganda likawa miongoni mwa machache yaliyoachwa. Kila wiki ilikuwa na uamuzi wake: lipi liandikwe, lipi lisemwe faraghani, lipi linyamaziwe leo ili mtu fulani aachiliwe kesho.

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa wakipigana pamoja nayo yaliingia Kampala. Kivengere alirejea Kabale mwezi uliofuata, akaendelea na uaskofu hadi alipofariki Nairobi mwaka 1988. Luwum leo ana sanamu kwenye ukuta wa Westminster Abbey, na tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa Uganda. Wani aliongoza kanisa hadi mwaka 1983.

Wengi wanaonijia na swali la mapenzi ya Mungu hawako kwenye nafasi ya Luwum wala ya Kivengere. Hakuna anayewatafuta kwa bunduki, na hawana mlima wa kuvuka. Wako kwenye nafasi ya Wani: wamebaki mahali pagumu, wanaishi karibu na mtu aliyewaumiza, na Jumatatu asubuhi wanapaswa kuamua tena. Kwao nasema waangalie kwanza jambo lililo mbele yao leo, waulize ndugu wawili watatu wanaowajua vizuri, na walifanye. La wiki ijayo bado halijafika.